Jino la Kabaidi au Bobari ya Feleji: Ulinganisho kwa Anayejifunza Kukereza Mbao

Anayenunua mashine ya kukereza mbao, ile inayouzungusha ubao huku zana ikiuchonga, kwa mara ya kwanza hukutana mapema na swali ambalo wauzaji hulijibu upesi kuliko linavyostahili: je, aanze na zana za kabaidi, ambazo hazipelekwi kwenye jiwe la kunolea bali hugeuzwa jino (kipande kidogo chenye makali) na hatimaye kuwekewa jino jipya, au aanze na bobari, yaani patasi zenye mfereji, na patasi nyingine za feleji, ambazo hana budi kujifunza kuzinoa? Jibu lililozoeleka ni kwamba kabaidi haidai ufundi na feleji inaudai. Kwa maoni yangu jibu hilo limemharibia kazi mwanafunzi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kabaidi ina mbinu zake. Ni chache, lakini anayezipuuza haisamehe, na mtu aliyeambiwa kwamba hana la kujifunza hatazitafuta. Ulinganisho huu umeweka bei kando na kushughulika na mbinu: kila zana inamtaka mkono ufanye nini, inamwachia ubao wa namna gani, na inamfaa nani.

Tofauti zote zinaanzia kwenye madini. Feleji ya kasi, ile ambayo kwenye ubapa wake hugongwa herufi HSS, ilitokana na majaribio ya Frederick Taylor na Maunsel White nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na ilionyeshwa hadharani mjini Paris mwaka 1900. Sifa yake kuu ni kubaki ngumu hata ikipata joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na kwa mkerezaji maana yake ni kwamba makali yakigeuka buluu kwenye jiwe la kunolea hayajafa, tofauti na patasi za zamani za chuma cha kaboni ambazo rangi hiyo ilikuwa alama ya kuharibika. Kabaidi si chuma. Ni chembe za kabaidi ya tangsteni zilizogandamanishwa kwa kobalti katika joto kali, mbinu ambayo Karl Schröter wa kampuni ya Osram nchini Ujerumani aliiombea hataza mwaka 1923, na ambayo kampuni ya Krupp iliiingiza sokoni miaka michache baadaye kwa jina la Widia. Ni ngumu kupita feleji kwa mbali, lakini ni kavu na huvunjika: jino likianguka kwenye sakafu ya saruji linaweza kumeguka ukingoni. Kwa kuwa inameguka, haiwezi kupewa makali membamba sana. Hivyo jino jipya la kabaidi kwa kawaida halifikii ukali wa bobari iliyotoka kunolewa sasa hivi, ila linabaki karibu na ukali wake wa mwanzo kwa muda mrefu, wakati bobari huanza ikiwa kali sana na kupungua haraka.

Tofauti ya pili, ambayo ndiyo hasa inayoamua mbinu, ni namna makali yanavyokutana na ubao. Zana ya kawaida ya kabaidi ina jino bapa, la mraba, la duara au la umbo la almasi, lililofungwa kwa skrubu kwenye ncha ya nondo ya mraba. Nondo hiyo hulazwa juu ya kiegemeo, upau wa mashine unaobeba zana mbele ya ubao, ikiwa mlalo kabisa, na jino huingia kwenye ubao moja kwa moja kutoka mbele. Huko ni kukwangua. Bobari huinuliwa au kushushwa mpini, ikazungushwa, ikaelekezwa kushoto au kulia, hadi mteremko ulio nyuma ya makali uegemee juu ya ubao unaozunguka na makali yakate nyuzi kwa mshazari. Huko ni kukata. Anayekwangua anahitaji kushika mahali pamoja pasipobadilika. Anayekata anahitaji mkono unaobadilika kila wakati.

Kwa upande wa kabaidi, jambo la kwanza ni kimo. Uso wa juu wa jino unatakiwa kuwa sawa na mhimili wa mzunguko, na njia ya uhakika ya kupima ni kuifikisha zana kwenye ncha ya kichwa cha nyuma, kile kinachosogezwa, kabla ya kufunga ubao, kisha kupandisha au kushusha kiegemeo hadi uso wa jino na ncha hiyo viwe kimo kimoja. Kwa kuwa nondo ina unene wake, kiegemeo hukaa chini kuliko mtu anavyodhani, na anayebadilisha kati ya zana mbili zenye nondo za unene tofauti lazima apime upya. Makosa mengi ninayoyaona kwa wanaoanza yanatoka hapa: jino likiwa juu mno ya mhimili upande wa nje wa kazi, linasugua badala ya kukwangua, mwanafunzi anasukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayomponza zana inapoteleza na kuingia ghafla.

Ipo kanuni ndogo inayofaa kuwekwa akilini kuhusu kosa la kimo, maana hakuna apimaye kwa ukamilifu. Upande wa nje wa kazi ni afadhali jino liwe chini kidogo ya mhimili, na ndani ya bakuli au chombo ni afadhali liwe juu kidogo. Sababu yake ni ya jometri tu. Zana ikinasa, yaani makali yakizama ghafla kwenye ubao, husukumwa chini; nje, jino lililo chini ya mhimili linaposhuka zaidi linaondoka kwenye ubao, na ndani, jino lililo juu ya mhimili linaposhuka linaelekea mahali penye nafasi pana zaidi. Ukigeuza mpangilio huo, kila msukumo wa chini unalizamisha jino ndani zaidi ya ubao, na mnaso mdogo unageuka kuwa mkubwa.

Jambo la pili ni ulaji, yaani kiasi cha ubao kinachoondolewa kwa mara moja. Jino la mraba lenye upana wa milimita 15 hivi linashawishi kusukumwa lote kwa pamoja, na mashine ndogo haina nguvu ya kuondoa ubao wa upana huo kwa mkupuo mmoja bila kutetemeka. Inafaa kutumia sehemu ndogo ya makali, kwa kusogeza zana kushoto na kulia kando ya kiegemeo huku ikila kidogo kidogo, na kuchagua jino ambalo makali yake yamepindishwa kidogo na pembe zake zimeviringishwa, kwa sababu pembe kali huacha michirizi na hupenda kuzama. Jino la mraba likiingizwa ndani ya bakuli lenye mviringo, pembe zote mbili zaweza kugusa kwa wakati mmoja. Kazi hiyo iachiwe jino la duara. Nondo ibaki bapa juu ya kiegemeo wakati wote. Wako wanaoiinamisha upande ili jino la duara likate kwa mshazari na kuacha uso laini zaidi, nayo ni mbinu halali, ila inataka nondo ya mviringo au yenye kona ya chini iliyosagwa, na inataka sehemu inayogusa ubao iwe ile ya chini ya jino, inayobebwa na nondo. Ikigusa sehemu ya juu isiyobebwa na kitu, zana itapinduka mkononi.

Hiyo ndiyo karibu elimu yote ya kabaidi bapa. Mtu makini anaweza kuishika mapema sana, na hiyo ni faida isiyopaswa kudharauliwa, hasa kwa mwenye mikono dhaifu au mwenye maumivu ya viungo, au kwa anayetaka kuona bakuli lake la kwanza kabla hamu haijamtoka.

Elimu ya bobari haimaliziki upesi hivyo. Mpangilio wake wa msingi ni wa hatua tatu zisizorukwa: zana itue kwanza juu ya kiegemeo kabla haijagusa ubao, kisha mteremko wake ulalie ubao bila kukata, mkono ukisikia tu msuguano, kisha mpini uinuliwe polepole hadi makali yaanze kuinua ukanda mwembamba wa randa, yaani ubao uliokatwa. Mteremko ule ndio unaobeba makali na kuyazuia yasizame, na anayeutupa kwa kuinua mpini kupita kiasi amebaki bila breki. Juu ya hayo kuna mfereji wa bobari, ambao hutazama upande inakoelekea zana. Ukitazama juu kabisa wakati bawa la juu la makali liko karibu na ubao, bawa hilo litaguswa bila kubebwa na zana itanasa. Patasi ya mshazari, ile bapa yenye makali yaliyokaa kwa pembe, ni kali zaidi kwa mwanafunzi. Hukata kwa nusu ya chini ya makali yake tu, na ncha ya juu ikigusa fito (kazi nyembamba na ndefu ambayo nyuzi zake zinafuata mhimili) inayozunguka, huchimba mfereji unaojizungusha kama uzi wa skrubu kwenye kazi iliyokwisha kulainishwa. Hakuna zana inayoacha uso mzuri kuliko hiyo, na hakuna inayoadhibu haraka kuliko hiyo.

Hapo kuna tofauti ambayo haionekani kwenye jedwali la sifa. Bobari humfundisha mtu kwa sauti na kwa randa: ikikata vizuri hutoa mvumo mwembamba na kanda ndefu, ikianza kuwa butu au mteremko ukiachia, sauti inabadilika na randa inageuka unga. Kabaidi bapa hutoa vipande vifupi na vumbi ikiwa inafanya kazi vizuri, na hutoa vipande vifupi na vumbi ikiwa inafanya kazi vibaya. Mwanafunzi wa kabaidi anaweza kukaa na jino lililochoka kwa muda mrefu akidhani tatizo ni ubao.

Kuhusu uso unaoachwa, mti ndio huamua. Miti migumu yenye nyuzi zilizoshikana, mpingo ukiwa mfano wake bora, hukubali kukwanguliwa na kutoka laini. Miti laini, mbao za msonobari kwa mfano, na kazi ya bakuli ambayo ubao umefungwa nyuzi zikiwa zimekingama na mhimili, hazikubali kirahisi. Katika bakuli la namna hiyo, kila mzunguko mmoja makali hukutana mara mbili na ncha za nyuzi zilizosimama dhidi yake, na kukwangua huzinyofoa badala ya kuzikata, hivyo bakuli hutoka na maeneo mawili yenye vinyweleo yanayotazamana. Msasa unaweza kuyaondoa, ila kuanzia namba 80 au 100, wakati uso uliotoka kwenye bobari kali mara nyingi unaanzia 150 au 180. Msasa mwingi maana yake ni vumbi zaidi, na vumbi la mbao si usumbufu wa kufagia tu: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Anayechagua kabaidi ahesabu barakoa nzuri ya vumbi kama sehemu ya zana yake. Mwelekeo wa kukata unabaki uleule kwa zana zote mbili: fito hukerezwa kutoka penye kipenyo kikubwa kuelekea penye kidogo, nje ya bakuli la aina niliyotaja kutoka kitakoni kwenda mdomoni, na ndani kutoka mdomoni kwenda katikati.

Kuna kazi ambazo kabaidi inashinda bila ubishi. Kalamu za akriliki na kazi za rezini ni mojawapo, kwa kuwa hazina nyuzi za kunyofolewa, ingawa rezini humeguka ikichokozwa, na kwa ajili hiyo yapo meno ambayo uso wao wa juu umeinamishwa mbele ili makali yakwangue kwa upole. Miti yenye silika, kama mtiki, ambayo hula makali ya feleji upesi, ni nyingine. Ya tatu ni kuchimba vyombo vyenye mdomo mwembamba: mkono haufiki ndani, jicho halioni, na zana inatoka mbali nje ya kiegemeo, kwa hiyo kuwa na makali yasiyohitaji kunolewa mara kwa mara ni nafuu kubwa. Hata hivyo, kadiri nondo inavyozidi kutokeza mbele ya kiegemeo ndivyo nguvu ya kuisukuma chini inavyokua, na mpini mrefu pamoja na ulaji mdogo ndivyo vinavyoizuia.

Feleji nayo inashinda kwenye fito: miguu ya viti, nguzo za ngazi, mipini, na chochote chenye vifundo na mabonde yanayofuatana kwa karibu. Bobari ndogo ya fito huviringishwa kutoka kileleni mwa kifundo hadi bondeni kwa mwendo mmoja wa kifundo cha mkono, ikaacha mviringo safi. Jino la umbo la almasi linaweza kuchora umbo hilohilo, lakini linalichonga kwa vipande, na macho huona.

Kisha kuna kunoa, ambako ndiko watu wengi huamulia kimyakimya. Bobari hailingani na kisu cha jikoni. Inahitaji mashine ya kunolea, kishikizo kinachoirudishia pembe ileile kila mara (bobari za bakuli hunolewa kati ya nyuzi 40 na 60), na uvumilivu wa kurudi kwenye jiwe mara kadhaa ndani ya kazi moja. Mtu anayesema atanoa baadaye hajanunua bobari. Amenunua kipande cha feleji chenye mpini. Kabaidi inamwondolea gharama na nafasi hiyo, lakini si kweli kwamba haina matunzo. Jino la mraba linageuzwa hadi pande zote nne ziishe, na kila linapogeuzwa kitako chake kinafutwa kabisa, kwa sababu unga ulionaswa chini yake unalifanya lisikae sawa, na jino lisilokaa sawa huvunjika. Skrubu hukazwa hadi ishike tu; anayeikaza kwa nguvu zote atalipasua jino au ataliharibu tundu la bisibisi. Jino lililochoka kidogo linaweza kurudishiwa uhai kwa kusugua uso wake bapa juu ya kibao cha almasi. Jiwe la kawaida la kunolea feleji halifai kwa kabaidi.

Ipo njia ya kati ambayo sioni ikitajwa vya kutosha: jino la duara lenye uso uliochimbwa kama kisahani, ambalo huelekezwa kwa mshazari na kuegemezwa mteremko wake kwenye ubao, kama bobari. Linakata kwelikweli, linadumu kama kabaidi, na linaacha uso unaokaribiana na wa bobari hata kwenye ncha za nyuzi. Tatizo ni kwamba linarudisha mbinu zote za bobari, pamoja na minaso yake, hivyo halimfai aliyekuwa anazikimbia. Linamfaa anayezijua tayari na amechoka kunoa.

Uchaguzi wa zana haubadilishi mwendo wa mashine wala kinga. Kipimo kinachotumiwa na wakerezaji wengi ni kwamba kipenyo kwa sentimita kikizidishwa kwa mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000, kwa hiyo bakuli la sentimita 25 huzungushwa kwa mizunguko kama 600 hadi 900, na gogo lisilo na mizani huanzia chini ya hapo. Kiegemeo husogezwa mashine ikiwa imezimwa, kikaachwa milimita chache tu mbali na ubao, na kazi huzungushwa kwa mkono kwanza kuhakikisha haigusi kitu. Ngao ya uso mzima huvaliwa. Glavu na mikono mirefu inayoning'inia havivaliwi.

Nikiulizwa moja kwa moja, ningemwambia anayekusudia kalamu, rezini, vikopo na mapambo madogo ya miti migumu anunue kabaidi bila kusitasita, aanze na jino la duara, kisha la mraba lenye makali yaliyopinda, na la umbo la almasi aliache kwa baadaye. Anayekusudia fito au samani ningemzuia asianze nayo, hata kama rafiki yake anaisifu, kwa kuwa kila saa anayokwangua ni saa ambayo mkono wake haujifunzi kuegemeza mteremko, na mazoea ya kusukuma mbele ni magumu kuyaacha. Kwa bakuli ndipo ninaposita. Mashine ndogo isiyo na nguvu na mtu asiye na mwalimu karibu, kabaidi ya duara ni salama zaidi mwanzoni. Lakini mtu huyo anunue pia bobari moja ya bakuli na kishikizo cha kunolea mapema, akate nayo pindo la mwisho la kila bakuli, yaani ule upitaji mwembamba kabla ya msasa, ambapo ulaji ni mdogo na mnaso hauna nguvu ya kutisha.

Anapofikia kununua bobari hiyo, aangalie asipewe ile bobari pana ya kuondolea pembe za fito, ambayo huuzwa karibu katika kila seti ya mwanzo na hufanana na zana ya nguvu kuliko zote. Imetengenezwa kwa ajili ya fito peke yake. Mkia wake unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, na ikipelekwa kwenye bakuli, ambako ncha za nyuzi hugonga makali mara mbili kwa kila mzunguko, mkia huo unaweza kukatika na bapa likaruka. Bobari ya bakuli hutambulikana kwa nondo yake ya mviringo, yenye unene uleule hadi ndani ya mpini, na mfereji wenye kina uliochimbwa ndani ya nondo hiyo.